UTALII WA HANANG NA MBULU: ARDHI KWANZA

Utalii unapotajwa katika nchi hii, mawazo ya wengi hukimbilia pande mbili: mchanga mweupe na mawimbi ya Zanzibar, au simba na nyumbu wa Serengeti. Wilaya za Hanang na Mbulu, mkoani Manyara, hazina bahari, wala hazina jina lililozoeleka masikioni mwa wageni. Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba hazina cha kuonyesha.

Upo Mlima Hanang, volkano iliyolala, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Lipo Ziwa Basotu na viboko wake, na lipo Balangida ambalo maji yake yakikauka huacha chumvi. Huko Mbulu kuna msitu wa Nou, na kuna Kainam, chimbuko la Wairaqw, wakulima waliosifika tangu zamani kwa kuhifadhi udongo wa miteremko kwa matuta na samadi. Bonde la Yaeda ni makazi ya Wahadzabe, ambao baadhi yao bado huishi kwa uwindaji, asali na mizizi. Barabara ya lami itokayo Singida hadi Babati hupita Katesh, chini kabisa ya mlima. Mwaka 2023 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya 1,800,000 kutoka nje. Ni haki wananchi wa wilaya hizi nao watake sehemu yao.

Lakini swali la msingi si wageni wangapi watakuja. Swali ni nani atafaidika, na kwa gharama ya nani. Swali hilo si geni. Mwaka 1970 wasomi na viongozi walijadiliana magazetini iwapo utalii unajenga taifa au unazaa watumishi wa matajiri, na mwaka 1973 mjadala huo ulichapishwa kuwa kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji.

Hanang yenyewe inalo somo chungu. Katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalitwaa malisho ya Wabarabaig katika tambarare za Basotu. Nia ilikuwa njema: kulilisha taifa. Lakini wafugaji walipoteza nyasi, njia za maji na hata makaburi ya wazee wao, na shauri la kijiji cha Mulbadaw likafika Mahakama ya Rufani, ambako mwaka 1985 wanakijiji walishindwa. Maendeleo yanayopangwa bila kumwuliza mwenye ardhi huacha kidonda kisichopona upesi. Hoteli na kambi za watalii zaweza kurudia kosa lile lile la trekta.

Njia iliyo bora imekwisha kuonekana Yaeda. Mwaka 2011 Wahadzabe walipata hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mwenye hati humkaribisha mgeni kwa masharti yake. Asiye na hati hugeuzwa maonyesho. Binadamu si mnyama wa kupigwa picha, na mgeni anayekwenda Yaeda hana budi kulijua hilo kabla hajafika.

Mlima nao una masharti yake. Tarehe 3 Desemba, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Wataalamu walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilifyonza maji na kumeguka. Si haki, basi, kumtwisha mkata kuni lawama zote. Lakini ni wajibu kuhakikisha kwamba hakuna nyumba, soko wala hoteli inayojengwa kwenye mapito ya maji. Mapato ya wapanda mlima yangefaa kuanzia hapo: kulinda msitu na kuwaonya watu mapema.

Hapa ndipo mtumishi wa umma anapohitajika. Afisa ardhi apime na kuandikisha maeneo ya vijiji kabla mwekezaji hajabisha hodi. Afisa mtendaji asome mkataba wote mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kwa lugha wanayoielewa wanakijiji, na mapato yabandikwe ubaoni. Mwalimu naye awapeleke wanafunzi wake mlimani na ziwani, wajifunze jiografia mahali ilipo na historia kutoka kwa wazee walioishi nayo. Kijana anayeujua mlima wake ndiye atakayekuwa kiongozi wa wageni. Asiyeujua ataishia kubeba mizigo yao.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji hawezi kupona iwapo mgeni atakapofika atakuta ardhi imekwisha kuondoka mikononi mwake.