Majani ya Chai Yana Nambari Moja, Mwanafunzi Ana Tatu

Mkulima mdogo wa chai anapofikisha majani yake katika kituo cha kununulia, awe wa Litein huko Kericho au wa Mogogosiek huko Bomet, karani huyapima kwa mizani ya kielektroniki na kuyaandika chini ya nambari ya mkulima huyo. Nambari hiyo hiyo hutumiwa kumlipa kila mwezi, na hutumiwa tena bonasi inapohesabiwa. Mkulima anaweza kulalamikia bei, na mara nyingi ana sababu. Lakini kilo zake hazibatizwi upya kila zinapoingia ofisi nyingine.

Mtoto wa mkulima huyo hana bahati hiyo. Cheti chake cha kuzaliwa kina nambari yake. Mfumo wa NEMIS, ulioanzishwa na Wizara ya Elimu mwaka 2017, ulimpa nambari ya pili. Baraza la Mitihani, KNEC, humpa ya tatu kwa ajili ya tathmini. Katikati anasimama mwalimu, akinakili habari zile zile kutoka mfumo huu hadi ule.

Hatari ya kunakili inaeleweka upesi katika nchi ya Wakipsigis. Tuseme baba anaitwa Kipkoech. Kwa desturi, mwanawe akishatoka jandoni huitwa arap Koech, na kile kiambishi Kip huachwa. Basi cheti kikisema Kibet Kipkoech, na sajili ya shule ikasema Kibet Koech, jirani hatashangaa, kwani anajua huyo ni mtoto mmoja. Tarakilishi haijui. Kwayo hao ni watoto wawili, au hakuna mtoto kabisa. Na kwa kuwa fedha za serikali kwa shule zimekuwa zikigawanywa kwa kufuata idadi iliyomo katika NEMIS, mtoto asiyesajiliwa hukalia dawati lisilolipiwa, na wenzake hugawana uhaba huo naye.

Wizara imetangaza mfumo mpya, KEMIS, wa kuchukua nafasi ya NEMIS. Ni jambo jema, lakini tusijidanganye. Mifumo haishindwi kuelewana kwa sababu ya uzee tu. Hushindwa kwa sababu wenye mifumo hawajakubaliana ni nambari ipi inayomtambulisha mtu, na ni ofisi ipi yenye neno la mwisho juu ya kila habari. Mtaalamu wa programu aweza kuziunganisha tarakilishi mbili. Hawezi kuwapatanisha wakuu wawili.

Estonia ilianzisha mfumo wake wa X-Road mwaka 2001. Kila idara ilibaki na daftari lake, ila zote zikafuata kanuni moja ya kuulizana, na raia hutambuliwa kwa nambari moja.

Nasi tunaweza kujipima bila gharama kubwa. Mfuate mwanafunzi mmoja tangu kuzaliwa hadi mtihani wa mwisho, uhesabu ni mara ngapi jina lake limeandikwa upya kwa mkono. Kila mara ni ufa. Kisha kazi zigawanywe: Msajili wa Vizazi awe mwenye jina na tarehe, shule iwe yenye darasa, KNEC iwe yenye alama. Wengine wote waulize, wasiandike.

Wako watakaohofia siri za watoto, na hofu hiyo ina msingi. Mwezi wa Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza hatari zake, kama itakiwavyo na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Lakini kuulizana si kumwaga kila kitu hadharani. Shule ikiuliza kama jina na nambari vinaafikiana, jibu la ndiyo au la linatosha.

Kwa hiyo, kabla ya kununua tarakilishi nyingine, wakuu wa elimu na waketi meza moja na kukubaliana mtoto huyu ni nani. Wasipokubaliana, mfumo mpya utarithi makosa ya ule wa kale, na mwalimu ataendelea kunakili.