Jani la Kizimkazi nalo lisomwe

Katika fakulte yetu jibu moja limezoeleka: mafundi Waislamu wa zamani walichonga majani kwa sababu dini iliwakataza kuchonga watu na wanyama. Jibu hilo ni fupi mno.

Tazameni Mshatta, kasri la karne ya 8 katika Yordani ya leo, ambalo ukuta wake wa mbele sasa uko Berlin. Mizabibu imejaa kwenye jiwe pande zote mbili za mlango. Upande wa kushoto imechanganyika na wanyama. Upande wa kulia, ambao nyuma yake palikuwa na msikiti, wanyama hawamo. Katazo lilikuwepo, nakubali. Lakini mzabibu uko kote kuwili, kwa hiyo haukuwekwa pale kuziba nafasi ya mnyama.

Karibu na kwetu zaidi kuna msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja. Maandishi ya mihrabu yake yana tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni herufi za Kikufi zilizochongwa katika tumbawe, jiwe ambalo likitoka baharini huwa laini, kisha likikauka hushupaa. Mikia ya herufi inapanda juu na kuchipua majani. Hapo jani halikuzunguka maandishi kama fremu. Limeota kwenye herufi yenyewe. Mtu akilitoa, anakata herufi.

Mwenzangu mmoja aliniambia hiyo ni kazi ya watu wa historia ya sanaa. Sikubali, hasa kwa mwanafunzi wa Kabalo. Wazee wa Kiluba walikuwa na lukasa, ubao wa shanga na michongo ambao watu wa mbudye waliugusa kwa kidole huku wakisimulia habari za wafalme. Nani kati yetu angethubutu kuita shanga zile mapambo?

Ni kweli, maneno ya Kizimkazi ni ya Kiarabu. Lakini yako kwenye pwani ambako Kiswahili kilitoka kabla ya kufika Lualaba na misafara ya karne ya 19, na somo letu la historia ya lugha linaanzia kwenye misafara hiyo, kana kwamba nyuma yake palikuwa kimya. Napendekeza lianze na picha mbili, lukasa na mihrabu ile, na swali moja la mtihani: herufi inaishia wapi, na jani linaanzia wapi?