Yafaa Kila Shule Ipime Mvua

Watu wengi wa huku mpakani, wa Tororo na wa Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya, husema kwamba watabiri wa hali ya hewa ni waongo. Redio ikitangaza mvua nyingi, mtu hutazama shamba lake kavu, akacheka. Mimi nasema lawama hiyo haikufika mahali pake. Utabiri hutufaa kidogo kwa sababu sisi wenyewe hatupimi mvua inayotunyeshea, na kasoro hiyo shule zetu zaweza kuiondoa kwa gharama ndogo.

Kwanza tuone utabiri hufanywaje. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za sehemu hii ya Afrika hukutana kabla ya misimu ya mvua. Siku hizi mikutano hiyo huitishwa na kituo cha IGAD kiitwacho ICPAC, chenye makao yake Kenya. Hutazama joto la maji ya Bahari ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi, maana joto la bahari likibadilika, pepo na mvua zetu hubadilika pia. Mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi ya upande wetu yalipata joto kuliko kawaida, na yale ya upande wa Indonesia yakapoa. Mvua za mwisho wa mwaka huo zikawa nyingi mno. Mvua za masika zilipofuata, Ziwa Viktoria lilipanda, hata mwezi wa Mei 2020 likapita kimo cha mwaka 1964, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote vilivyoandikwa. Basi elimu hii si uongo.

Lakini yasikilizeni vyema maneno ya wataalamu. Hawasemi kwamba mvua itanyesha shambani kwako Jumatatu. Husema, kwa mfano, kwamba katika eneo fulani kuna nafasi 45 katika 100 ya mvua kupita kawaida, 35 ya kuwa ya kawaida, na 20 ya kupungua. Aliyesikia neno "kupita" peke yake amesikia nusu ya habari. Tena, hiyo kawaida ni ipi? Kawaida ya mjini Tororo si kawaida ya Samia kandokando ya ziwa. Asiyeijua kawaida ya kwao atajuaje kilichozidi na kilichopungua?

Mvua ya kwetu huja vipande vipande. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa. Upepo wa ziwani huingia bara, ukakutana na pepo za mashariki. Mawingu hupanda juu, na alasiri ngurumo huanza. Katika miaka ya 1967 hadi 1976 Tororo ilihesabiwa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, kwa wastani, hesabu iliyojulikana duniani kote. Wingu la namna hiyo laweza kumwaga maji kijiji kimoja na kukiacha cha pili kikavu. Kituo kimoja hakiwezi kuvisemea vijiji vyote.

Hasara yake twaijua. Mwezi wa Machi mvua mbili tatu hunyesha, watu wakapanda mahindi na wimbi. Kisha jua hurudi majuma mawili, miche hukauka, na mama huuza kuku ili anunue mbegu mara ya pili. Karo nayo hutazamiwa katika shamba lilo hilo. Daftari ya kijiji ya miaka 10 ingetuonyesha ni mara ngapi mvua za mwanzo wa Machi zilitudanganya, na ni lini zilitulia kweli.

Chombo cha kupimia mvua si kigumu. Ni mtungi wenye mdomo wa faneli, pamoja na bilauri yenye alama za milimita. Huwekwa uwanjani, mbali na miti na kuta, na maji husomwa kila siku saa tatu asubuhi. Milimita moja ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Kwa hiyo milimita 25 katika eka moja ni lita zaidi ya 100,000, yaani madebe 5,000 na zaidi. Siku isiyo na mvua huandikwa sifuri, na sifuri nayo ni habari. Wako watakaouliza, "Na wakati wa likizo je?" Wanafunzi wakaao karibu na shule wagawane majuma. Daftari yenye mapengo haina thamani kubwa.

Jambo la pili ni mpaka. Zamani idara moja ya hali ya hewa iliihudumia Afrika ya Mashariki yote, hata Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikashika yake. Wataalamu bado hupashana habari. Sisi majirani ndio hatupashani. Hali mvua ya Mlima Elgon huteremka pande zote mbili, na Mto Sio, kabla ya kufika ziwani, ndio mpaka wenyewe. Siku hizi maofisa wa nchi mbili huyakagua malori mahali pamoja pale Busia. Ikiwa mizigo imerahisishiwa njia, hesabu ya mvua izuiwe na nini? Shule 5 za upande huu na 5 za upande ule zaweza kuanza, zikapeana hesabu zao kila Jumamosi.

Wala tusiwadharau wazee. Kule Bunyore, katika Vihiga, wazee wa ukoo wa Nganyi husoma dalili za miti, wadudu na upepo. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na wa ICPAC waliketi nao, wakalinganisha utabiri wao, kisha wakawatangazia watu neno moja. Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Maana yake, tazama kwanza ndipo useme. Kupima ni kutazama kwa kuandika.

Yusufu kule Misri aliitabiri njaa, lakini watu walipona kwa sababu nafaka ilipimwa na kuwekwa ghalani. Sisi utabiri twaletewa. Kazi ya kupima ndiyo iliyotungoja. Waalimu wakuu watupe chombo na daftari, nasi tutoe dakika 5 kila asubuhi. Haba na haba hujaza kibaba.