Daraja Lipo, Mume Hayupo

Wanawake wa Kigamboni wa enzi zile watanielewa. Baba watoto unamtegemea saa moja jioni, anaingia saa tano usiku. Ukimuuliza, jibu ni moja tu: "Pantoni, mke wangu." Mara imeharibika, mara foleni ya Magogoni haisogei. Utabisha nini? Njia nyingine ilikuwa kuzunguka kwa Kongowe, safari ya kuchosha.

Halafu tarehe 19 Aprili 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, kutoka Kurasini hadi Kigamboni. Mita 680, njia sita za magari. Akina mama wakapiga vigelegele, kisingizio kimekufa!

Utasema mimi wa Mbeya Kigamboni yanihusu nini. Yananihusu, mpenzi msomaji, maana mabinti zetu wa Mbeya na Iringa wanaolewa huko, na ndoa zikiyumba simu zinapigwa huku milimani.

Binti wa dada yangu, wa Iringa, alinipigia analia. Mumewe anafanya kazi Posta, na wiki hulala siku mbili tatu kwa kaka yake mjini. "Mama mdogo, daraja lipo. Kwa nini halali kwake?"

Nikamuuliza, mumeo ana gari? Hana. Basi daraja usimtupie usoni. Kwa mtembea kwa miguu daraja ni bure, sawa, lakini Kurasini siyo Posta. Mtu wa Posta asiye na gari, njia yake ya mkato ni ileile pantoni, ambayo nauli yake ilipanda mwaka 2012 kutoka shilingi 100 hadi 200 watu wakalalamika kweli. Mwenye gari naye darajani analipa tozo. Ndiyo maana pantoni haikufa daraja lilipokuja. Kila mtu anavuka kwa mfuko wake.

Hapo nilimtetea mkwe wangu. Ila sikuishia hapo. Huyuhuyu kijana wakati wa uchumba alikuwa anapanda basi Dar hadi Iringa, kilomita kama 500, anapandisha Kitonga, na kikao cha posa hakukosa hata kimoja. Leo maji ya kuvuka dakika chache yanamshinda? Hapana jamani, hapa siyo suala la maji.

Nikamwambia, kaa naye siku ya mapumziko, tumbo likiwa limeshiba. Usianze na "uko na nani huko mjini?" Anza na hesabu: nauli, muda, uchovu. Halafu muulize anachokikimbia.

Walikaa. Kumbe nauli haikuwa tatizo. Kijana alisema kila akichelewa, hata kwa pantoni kweli, anakuta mlango wa chumbani umefungwa na chakula kimepoa. Akaona bora kwa kaka. Na binti naye akasema alifunga mlango kwa sababu hakuna siku aliyopigiwa simu kuambiwa "nachelewa".

Wamekubaliana mambo mawili: simu kabla ya kupanda pantoni, na mlango usifungwe. Rahisi kusema, najua. Mwezi wa kwanza amelala nje mara moja, na alipiga simu.

Dada zangu, serikali itatujengea madaraja mengi. La sebuleni mtajijengea wenyewe, na hilo nalo lina tozo yake.

Tukutane mwezi ujao.