Jina Lako Likiitwa Parketi



Anayesoma Matendo ya Mitume kwa makini huona kwamba kitabu hicho kimejaa magereza, mahakimu na barua za kuwakamata watu. Sauli anasafiri kwenda Damasko akiwa na barua za kuhani mkuu mkononi, zinazompa ruhusa ya kuwafunga wafuasi wa Yesu, wanaume kwa wanawake. Anania, aliyetumwa kumwekea mikono, alikuwa na hofu kwa sababu alijua habari za barua hizo. Kwa hiyo msishangae tukileta katika ukurasa huu swali ambalo vijana wa Kadutu, Ibanda na Bagira huulizana kwa sauti ya chini baada ya Misa: nifanye nini nikisikia kwamba jina langu liko parketi?

Mjini kwetu majibu yanayozoeleka ni mawili, na yote mawili tunayakataa. La kwanza ni kukimbia: kijana anapanda gari kwenda machimbo ya Kamituga au Misisi, au anavuka ziwa hadi Goma, akingoja mambo yapoe. La pili ni kununua ukimya: jamaa wanachanga, mtu anayejuana na mtu anabeba bahasha, na hakuna hata mmoja katika ukoo anayejua karatasi ile ilisema nini.

Anayekimbia hudhani kwamba amejiondoa yeye pekee katika hatari. Lakini kumbukeni yaliyompata Yasoni wa Thesalonike. Watu walikwenda nyumbani kwake wakiwatafuta Paulo na Sila. Walipowakosa, walimkokota Yasoni na ndugu wengine mbele ya wakubwa wa mji, wakawaachilia baada ya kutoa dhamana. Kwetu habari hiyo si ya kale. Kaka hayupo, mdogo wake anachukuliwa. Mume hayupo, mke analala kasho mpaka mume ajitokeze. Baba mzee anakalishwa ofisini kutwa nzima kwa deni la mtoto wake. Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inakataza jambo hilo waziwazi katika kifungu cha 17: kosa la jinai ni la aliyelitenda, wala hakuna anayeweza kushtakiwa, kukamatwa, kufungwa au kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Kijana anayezijua Amri Kumi kwa moyo hashindwi kukijua na kifungu hicho. Anayemkamata ndugu badala ya ndugu ndiye mwenye kosa, hilo halina mjadala. Lakini wewe uliyeko Misisi, ukijua kwamba mama yako amelala sakafuni kwa ajili yako, huwezi kusema hayakuhusu.

Wasomaji wetu hodari watatujibu kwamba Paulo mwenyewe alikimbia, tena ndani ya kapu lililoshushwa ukutani usiku. Ni kweli. Kule Damasko walikuwa wanalinda malango mchana na usiku ili wamwue. Hapakuwa na kesi wala hakimu. Lakini palipokuwa na njia ya sheria, hata nyembamba, Paulo alisimama. Filipi alikataa kutolewa gerezani kimyakimya na kudai wakubwa waje wenyewe kumtoa. Yerusalemu alimwuliza akida kama sheria inaruhusu kumpiga mijeledi raia wa Roma ambaye hajahukumiwa. Mbele ya Festo aliomba kesi yake ipelekwe kwa Kaisari. Sisi hatumhukumu mtu aliyejificha ili abaki hai. Wana wa Kivu wanajua kwamba zimekuwepo nyakati ambapo kuangukia mikononi mwa mwenye silaha ilikuwa ndiyo mauti. Ila karatasi yenye namba, muhuri na sahihi ya mazistra si sawa na watu wanaobisha hodi usiku wa manane bila karatasi yoyote. Kijana asiyejua kuzitofautisha atakimbia zote mbili, au, vibaya zaidi, atazifuata zote mbili.

Basi karatasi isomwe. Kwa kawaida imeandikwa kwa Kifaransa, na hapo ndipo hofu inapoanzia katika nyumba nyingi. Ikiandikwa juu « convocation » au « mandat de comparution », maana yake unaitwa ufike siku fulani, saa fulani, mbele ya mtu fulani, bado hujakamatwa. Usipoitikia, parketi inaweza kutoa « mandat d'amener », yaani amri ya kukuleta hata kwa nguvu. Mara nyingi aliyekimbia karatasi ya kwanza ndiye anayejiletea ya pili. Kuna na ya tatu, « mandat d'arrêt provisoire », ambayo mazistra wa parketi huitoa baada ya kukuhoji, akiona dalili nzito za kosa ambalo adhabu yake inafikia kifungo cha miezi sita au zaidi. Hiyo ndiyo inayokuzuia, lakini nayo ina kikomo: mnapokuwa katika mji mmoja na jaji, ufikishwe mbele yake kabla ya siku 5 kwisha. Jaji akikubali uzuiliwe, ruhusa yake ya kwanza ni ya siku 15, kisha huongezwa mwezi kwa mwezi, na kila mara kwa uamuzi mpya wa jaji. Polisi wenyewe hawana haki ya kukuweka kasho zaidi ya saa 48. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 18 cha Katiba, ambacho kinataka pia uelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwako katika lugha unayoielewa, na uruhusiwe papo hapo kuwasiliana na jamaa yako au wakili wako. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Kuomba uelezwe kwa Kiswahili si ushamba.

Na kama hakuna karatasi, bali uvumi tu? Hapa tatizo ni zito zaidi. Kijana wa Bukavu mwenye simu anaweza kusoma leo hati ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko La Haye ilitoa dhidi ya Bosco Ntaganda mwaka 2006, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2008. Anaweza kujua kwamba huyo aliishi Goma miaka mingi hati hiyo ikiwepo, hata alipojipeleka mwenyewe katika ubalozi wa Marekani huko Kigali mwezi Machi 2013, na kwamba mwaka 2019 alihukumiwa kifungo cha miaka 30. Hayo yote yako wazi. Lakini kijana huyohuyo hana orodha ya wazi anayoweza kuifungua ili ajue kama jina lake mwenyewe limeandikwa katika ofisi iliyo mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwao. Habari za wakubwa ziko mezani, za wadogo ziko kabatini, na ufunguo wa kabati ni bahasha.

Hata hivyo kabati lina utaratibu wake. Kila kesi inayofunguliwa parketi huandikwa katika kitabu na kupewa namba inayoanza na herufi RMP. Ikifika tribinali hupewa namba nyingine, ya RP. Gerezani kuna kitabu cha kuandikia kila anayeingia na hati iliyomwingiza. Anayefika kwenye sekretarieti ya parketi akiwa na jina kamili, na namba ikiwa anayo, akifuatana na wakili, ana njia ya kuuliza bila kupitia kwa mtu anayejuana na mtu. Msichanganye hilo na cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na komini, ambacho vijana hukiomba wanapotafuta kazi: cheti hicho hakisemi lolote juu ya uchunguzi ulio wazi dhidi yako.

Wengi hawana pesa za wakili, tunajua. Ndiyo maana chama cha mawakili kina ofisi ya mashauri ya bure kwa wasiojiweza, na jimbo kuu letu lina Tume ya Haki na Amani. Tunasikitika kuona kwamba parokiani tume hiyo hukumbukwa wakati wa uchaguzi, kisha hulala. Kila shirika lina mtu wa kuzuru wagonjwa. Kwa nini lisiwe na watu wawili waliojifunza kusoma karatasi hizi, wanaoweza kumsindikiza kijana parketi, kukaa mlangoni, kuandika saa aliyoingia na jina la aliyempokea? Tumeona mara nyingi kwamba aliyefuatana na watu wawili wenye daftari hupokelewa kwa namna tofauti na aliyekuja peke yake. Wala kumsindikiza si kusema kwamba hana hatia. Pengine anayo. Simu ya jirani iliibwa kweli, msichana aliumizwa kweli, naye aliyetendewa ni mwana wa Kanisa vilevile, anangoja kusikilizwa. Tukimficha mtuhumiwa kwa jina la undugu, tunamfungia mlango huyo mwingine.

Kuhusu bahasha, soma habari za liwali Feliksi. Alimwita Paulo mara kwa mara kuzungumza naye, akitumaini kupewa fedha. Paulo hakutoa, akabaki kifungoni miaka 2. Hatuwadanganyi, basi: kukataa kutoa rushwa kunaweza kukugharimu siku. Faini au dhamana ya kweli ina risiti. Kinachoitwa mafuta ya pikipiki au karatasi ya afisa hakina. Na aliyenunua faili lisilofungwa kwa sheria atalinunua tena, kwa sababu faili lenyewe liko palepale rafuni, na aliyelifungulia kabati mara ya kwanza ameshajua nyumba yake.

Limebaki jambo moja la kalenda. Watu wengi hukamatwa Ijumaa jioni, ofisi zikiwa zimefungwa, wakaambiwa wangoje Jumatatu. Katiba haikusema kwamba Jumamosi na Dominika hazihesabiwi katika zile saa 48. Kwa hiyo mashirika yatakayochagua wasindikizaji wao yachague watu ambao simu zao ziko wazi Ijumaa jioni, na yaandike namba zao mahali ambapo hata mtoto wa nyumba ataziona.