Bustani ya Nyumbani: Mshubiri Mdogo Hauuawi na Kiu

Kila mtu ajua uchungu wa shubiri, lakini si wengi wajuao kuutunza mmea uitoao. Mtu hupewa mshubiri mdogo, huupanda katika kopo barazani, akaunywesha kila asubuhi kama mboga. Baada ya mwezi huukuta umelegea. Naye, akidhani una kiu, huuongezea maji. Hapo ndipo auuapo.

Sababu ni hii. Majani ya mshubiri ni manene kwa kuwa yana akiba ya maji ya kuuvusha wakati wa ukame. Mizizi nayo yahitaji hewa. Ikikaa katika tope siku nyingi huoza, na mmea usio na mizizi hunyauka hata ukiwa katikati ya maji.

Uko mshubiri mdogo wa Kenya yenyewe, ambao wataalamu waliupa jina la Aloe juvenna mwaka 1979. Majani yake ni mafupi, yana meno na madoa meupe, nayo yamepangana kwa karibu juu ya shina jembamba. Apendaye kuukuza, au kukuza mwingine wa namna yake, na atwae kopo lililotobolewa chini. Achanganye sehemu moja ya udongo mzuri na sehemu mbili za mchanga wa chengachenga. Udongo mweusi unaonata haufai kabisa.

Kabla ya kumwagilia, na atie kidole katika udongo. Ukiwa na unyevu hata kidogo, aache. Ukiwa mkavu hata ndani, amwagilie mpaka maji yatoke chini, kisha asiuguse tena hadi ukauke. Katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, maji huhitajika kwa nadra sana. Majani yakigeuka mekundu kwa jua kali, huo si ugonjwa.

Shina likiwa laini na kutoa harufu mbaya, mmea ung'olewe upesi. Sehemu iliyooza ikatwe yote mpaka ionekane nyama safi, na kidonda kiachwe kivulini siku kadhaa kikauke. Ndipo upandwe tena katika mchanga mkavu.

Jambo la mwisho ni kubwa kuliko yote. Mtu asiende porini kung'oa mishubiri. Mingine huishi katika eneo dogo tu, na ikimalizwa hapo imekwisha. Mkataba wa kimataifa uliotiwa saini mjini Washington mwaka 1973 husimamia biashara ya mishubiri yote kutoka nchi hadi nchi, isipokuwa Aloe vera. Wala hakuna haja ya kuiba porini: mshubiri mmoja uliotunzwa huzaa machipukizi mengi ubavuni. Chipukizi lenye mizizi yake likitengwa, likakaushwa siku mbili tatu na kupandwa, hushika. Basi mwenye mmoja na amgawie jirani.