Fedha ya Ufuta na Safari ya Rufiji

Ndugu wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, kila mwaka minada ya ufuta ikianza, mipango inayosikika vijijini ni ileile: bati, pikipiki, ngoma ya unyago, deni la pembejeo. Yote ni mambo ya heshima na sina neno nayo. Naomba jambo moja tu liongezwe. Tuwapeleke watoto wetu, na sisi wenyewe tuwemo, kwenye maziwa ya Rufiji ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Atasema mtu, "Tembo namwona shambani kwangu bila nauli." Ni kweli, na neno hilo lina uchungu. Mtu anayekesha akipiga debe ili mahindi yasiliwe hawezi kuambiwa kwamba tembo ni pambo la taifa naye akafurahi. Lakini kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kwenda. Sisi twamjua tembo wa usiku, tembo mharibifu. Wengi wetu hatujamwona mchana kwao, anaposhuka na ndama wake kunywa maji Ziwa Tagalala au Ziwa Manze, viboko wakiwa wamejaa majini na mamba wakiota jua ukingoni. Aliyemwona hivyo ataendelea kudai kifuta jasho chake, tena kwa sauti kubwa, maana ni haki yake. Ila siku kijiji kitakapokaa kuamua kama ushoroba wa tembo ulimwe au uachwe, huyo atakuwa na la kusema lenye uzito kuliko hasira.

Tena pori lile halikuwa pori siku zote. Ngarambe, alikoishi Kinjikitile, nabii wa vita ya Maji Maji iliyowashwa mwaka 1905, ipo jirani kabisa na hifadhi. Vita ile na njaa iliyofuata vilipunguza watu. Kisha, katika miaka ya 1940, serikali ya Waingereza ikawahamisha maelfu ya Wangindo wa Liwale kwa sababu ya malale, na Bwana Nyama wa wakati ule, Ionides, akasimamia kupanuliwa kwa eneo la wanyama mahali palipokuwa na vijiji. Likabaki na jina la Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani Beho Beho Januari 1917. Mwaka 2019 ndipo sehemu kubwa yake, kilomita za mraba 30,893, ikafanywa hifadhi ya taifa na kupewa jina la Mwalimu. Miongoni mwetu wamo wajukuu wa waliohamishwa. Je, ni sawa mgeni kutoka Ulaya ayajue maziwa yale, na mjukuu wa Mngindo ayasikie redioni?

Liko na la twiga. Tunamwita mnyama wetu wa taifa, watoto wanamchora darasani, lakini kusini ya Mto Rufiji twiga hayupo. Wamejaa upande wa kaskazini, kwenye maziwa hayo ninayoyasema, na mto umekuwa mpaka wao. Mtoto wa Nachingwea asipovushwa atamaliza shule akimjua twiga wa kitabuni tu.

Sasa nije kwenye mpango, maana safari nyingi hufia kwenye maneno. Sisi wa Nachingwea tuna kumbukumbu ya mpango mbovu kuliko wote. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu kwa wiki 9 tu kuitazama nchi, wakaamua karanga zilimwe Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Mvua na udongo havikuchunguzwa vya kutosha. Kufikia mwaka 1951 mradi umekwisha, pauni milioni 36 zimeteketea, na hata reli iliyoletwa kwa ajili yake ikaja kung'olewa. Walikuwa na fedha, wakakosa subira ya kuuliza majira.

Basi tuulize majira. Masika si wakati wake: udongo mweusi wa kule hunasa magari, na kambi nyingi hufungwa. Na barabara yenyewe ya Kusini mnaijua. Mei 2024 mafuriko yaliyoletwa na Kimbunga Hidaya yaliikata Somanga. Wakati mzuri ni Juni hadi Oktoba, pori likikauka na wanyama wakikusanyika majini. Fedha ya korosho, inayokuja mwisho wa mwaka, ina miezi mingi ya kuyeyuka kabla ya hapo. Ya ufuta ndiyo inayoangukia mahali pake, kwa kuwa inakutana na likizo ya Juni, kabla upuliziaji wa mikorosho haujatubana kabisa.

Najua neno makato linawaudhi, kwa hiyo sisemi chama cha msingi kikate shilingi kwa kilo. Nasema vikoba. Kikundi kifungue mfuko wa safari Januari, kila mtu aweke kidogo kidogo, na ufuta uje kumalizia. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, chini sana ya anacholipa mgeni, mradi awe na kitambulisho. Gari na boti ndivyo vyenye gharama, navyo watu ishirini wakigawana huwa vyepesi. Mzigo huo mtu mmoja hauwezi. Laleni Mloka, nje ya lango la Mtemere, badala ya kambi za ndani. Njia ni ya Lindi, Nangurukuru, Daraja la Mkapa, kisha Kibiti ndipo mkate kushoto. Wazee wanaokumbuka kivuko cha Ndundu kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2003 watawaambia kwamba safari hii imekuwa rahisi. Liwale ni karibu zaidi kwetu, lakini maziwa na boti viko huko kaskazini. Acheni nguo nyeusi na za buluu, mbung'o huzipenda. Na msikose boti, hata kama fedha itatosha kimoja tu kati ya boti na gari la kuzungukia hifadhini.

Walimu, andikeni orodha ya watoto mapema na mpige simu hifadhini kuuliza viwango vya mwaka huo, msitegemee vya mwaka jana. Viongozi wa vikoba, viti viwili vya mbele wapewe wazee wenye asili ya Liwale, bila kuchangia. Njiani wawatajie watoto majina ya vijiji vilivyokuwa ndani ya pori lile, na mtoto mmoja apewe daftari ayaandike.